Jezi Zinazorudishwa na Jezi Zinazotundikwa: Wachezaji wa Shule wa Busia, Syracuse na Koshien

Mchezaji wa shule hupendwa na watu wanaojua mapema ataondoka lini. Shabiki wa AFC Leopards anaweza kumfuata straika wake kwa miaka kumi, akamwona anapoteza kasi, anakaa benchi, na mwishowe akamchoka. Timu ya shule haitoi nafasi hiyo. Katika mfumo wa vidato vinne wa Kenya, kijana aliingia Kidato cha Kwanza bila kujulikana, akapata namba akiwa cha Pili, akang'ara akiwa cha Tatu, na alipofika cha Nne mtihani wa taifa ukamchukua. Anayebaki vichwani mwa watu ni kijana wa miaka kumi na minane, na hazeeki. Kwa sababu hiyo nauweka ukanda wa mpakani wa Busia na Malaba kando ya nchi mbili za mbali, Marekani na Japani, ambako pia watu wazima wenye kazi na familia hukaa wakizungumza kwa mapenzi kuhusu wanafunzi waliowaona wakicheza zamani.

Tuanze nyumbani. Mpaka wa Kenya na Uganda, unaofuata kwa sehemu mito ya Malaba na Sio, uliwekwa kisheria mwaka 1926, mwaka uleule nchi hizo mbili zilipoanza kushindania kombe la kandanda la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni. Kwa hiyo mstari wa kutenganisha watu na mchezo wa kuwakutanisha ni vya umri mmoja. Iteso na Wasamia wanaishi pande zote mbili, na vijana wao wamesoma pande zote mbili. Upande wa Kenya kuna Kolanya na Amukura katika nchi ya Iteso, Mundika karibu na mji wa Busia, Butula kwa Wamarachi, Sigalame kule Samia. Ng'ambo, mwendo mfupi kutoka Malaba, kuna shule za Tororo: Rock High, Manjasi, St. Peter's College. Muhula wa pili ukifika, upande wa Kenya, soka ya shule hupanda ngazi: kata, kaunti ndogo, kaunti, kisha mkoa, ambako mwakilishi wa Busia huwakuta wale ambao kila mtu anawaogopa, Kakamega High, yaani Green Commandos, na Musingu, yaani Scorpions. Akivuka hapo kuna fainali za kitaifa, na baada yake michezo ya Afrika Mashariki.

Mazungumzo kuhusu wachezaji wa zamani hayana ukumbi maalumu. Malaba hutokea kwenye vibanda vya chai kando ya foleni ya malori, kwa sababu anayesubiri karatasi za forodha ana muda mwingi. Niliwahi kuwasikiliza wawili, mmoja wakala wa mizigo, mwingine mwalimu aliyestaafu, wakibishana juu ya goli moja la mechi ya shule lililofungwa kabla sijazaliwa.

"Lile lilikuwa la kichwa, mwalimu."

"Kichwa gani, ndugu yangu? Mimi nilikuwa nyuma ya goli nimemshikia viatu. Alivivua kipindi cha pili, alizoea kucheza peku. Angepigaje kichwa na mpira ulikuja chini hivi?" Akaonyesha kwa mkono, kimo cha goti.

Walieleza kwamba uwanja uliteremka upande wa kanisa, kwamba mvua ilikuwa imetoka kunyesha, kwamba beki wa kushoto wa wapinzani alikuwa na jamaa upande wa pili wa mto. Walimtaja mfungaji kwa jina la utani tu. Nilipouliza matokeo ya mechi, walitazamana. Hakuna aliyekuwa na hakika.

Mmarekani angeshangaa, maana kule mazungumzo ya namna hii huanza na takwimu. Timu zinazopendwa hivyo ni za vyuo vikuu, na mchezo ni soka ya Kimarekani, ule wa kubeba mpira na kuangushana. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una viti 107,601, na mji wa Ann Arbor husimama siku ya mechi. Ukimtaja Red Grange wa Illinois, shabiki wa kweli atakupa tarehe, Oktoba 18, 1924, na atakwambia kwamba siku hiyo alifunga mara nne katika dakika 12 za mwanzo dhidi ya Michigan. Waliouona mchezo ule wamekwisha kufa wote au karibu wote. Mchezo wenyewe haujafa, kwa sababu uliandikwa dakika kwa dakika na waandishi wa magazeti waliokuwa wamekaa uwanjani.

Hata hivyo, nisingependa kusema kwamba Marekani huandika na Afrika Mashariki husema tu, kisha nikaishia hapo. Grange mwenyewe anaishi zaidi katika jina la utani alilopewa na waandishi, la mzuka unaokimbia shoti, kuliko katika hesabu ya yadi zake. Nasi tuna Joe Kadenge wa Vihiga, aliyefariki Julai 2019. Vijana wengi wanaomtaja hawajaona hata picha moja ya mchezo wake inayosogea. Wanachokijua ni sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni, "Kadenge na mpira," maneno matatu yaliyomfikisha mahali ambapo takwimu hazingemfikisha. Kalamu ilifanya kazi ile Illinois, redio ikaifanya Kenya, na kote mchezaji aliendelea kuishi kwa sababu mtu mwingine mwenye kipaji cha maneno alimwona. Tofauti ni kwamba Illinois ilikuwa na watu wa namna hiyo kwa timu ya chuo. Sisi tulikuwa nao kwa klabu kubwa na timu ya taifa. Hakuna redio iliyotangaza fainali ya shule pale Amukura mwaka 1978.

Swali linalofuata ni kwa nini mapenzi haya Marekani yamekaa chuo kikuu, na kwetu yamekaa sekondari. Jibu liko katika historia ya shule zenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi kamili mwaka 1970 na kikabaki chuo kikuu pekee cha umma nchini hadi Moi ilipoanzishwa mwaka 1984. Vijana wachache mno walifika huko, na walifika kama watumishi wa kesho wa serikali, mbali na vijiji vyao. Sekondari za misheni, kwa upande mwingine, zilikuwa katikati ya watu: kanisa, zahanati, shule na uwanja kwenye kiwanja kimoja, na Jumamosi ya mechi mama aliyekuja kliniki aliweza kusimama kidogo kando ya mstari. Chuo kikuu kilipotoa mchezaji mkubwa, sifa zilikwenda kwingine. Joe Masiga alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa meno Nairobi, akicheza raga katika Mean Machine ya chuo na kandanda katika AFC Leopards iliyochukua ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Huko Marekani mtu wa aina hiyo angekuwa mali ya chuo chake hadi kufa. Hapa tunamkumbuka kama chui, na chuo tunakitaja kwa mshangao, kwamba kumbe alikuwa pia daktari.

Sasa jezi. Katika shule nyingi za mpakani, jezi ni za shule na hukaa kwenye mfuko mmoja ofisini kwa mwalimu wa michezo. Baada ya mechi kepteni huzihesabu, wachezaji wa mwaka wa kwanza huzifua, na asubuhi unaziona zimeanikwa kwenye ua wa michongoma, kumi na nne au kumi na sita, rangi zikipauka mwaka hadi mwaka. Hazina majina mgongoni. Namba 10 aliyoivaa kijana mmoja hadi fainali za mkoa itavaliwa Januari na mwingine ambaye hata hamjui. Asiyerudisha jezi hukatwa kwenye pesa zake za dhamana. Ndiyo maana kule mashabiki hawakumbuki namba. Hukumbukwa mwendo wa mtu: yule aliyekuwa akipunguza kasi kabla ya kupiga chenga, yule golikipa aliyekuwa akiongea peke yake, yule winga aliyewapiga mabeki kanzu kisha akawangoja warudi.

Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kilienda njia nyingine kabisa. Huko namba 44 ilivaliwa na Jim Brown katikati ya miaka ya 1950, kisha Ernie Davis, kisha Floyd Little, wote watatu weusi, wote watatu bora kupindukia. Davis ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1961. Alichaguliwa kuingia ligi ya kulipwa, akapatikana na saratani ya damu, akafariki Mei 1963 akiwa na miaka 23 bila kucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Maisha yake yote ya mchezo yaliishia chuoni. Namba ikawa kubwa kiasi kwamba msimbo wa posta wa chuo chenyewe ni 13244. Mwaka 2005 wakaistaafisha. Hakuna atakayeivaa tena. Sanamu za watatu hao zimesimama chuoni.

Nikilinganisha desturi hizi mbili, naona heshima ndani ya zote, ingawa zinaelekea pande zinazopingana. Syracuse humheshimu mchezaji kwa kuiondoa namba katika mzunguko, ili asifananishwe na mwingine. Amukura au Kolanya humheshimu kwa kuirudisha namba kwenye mfuko, ili mdogo wake aivae na aambiwe, siku ya kwanza ya mazoezi, ni nani aliyeivaa kabla yake. Wanaoambiwa hivyo hucheza kwa woga fulani mzuri. Lakini kwa Davis sanamu hufanya kazi ambayo mdomo wa watu usingeifanya: hakuacha mwendelezo wowote, na bila chuo kumshika angepotea. Vijana wetu waliokufa wakiwa wadogo, na wako, wameachwa kwa kumbukumbu za wenzao wa darasa. Wenzao wakiisha, nao wanaisha.

Kuna jambo moja ambalo watu wa Busia wanalo na ambalo nilidhani Wamarekani hawana, hadi nilipochunguza zaidi. Mashabiki wa mpakani huwasifu wapinzani bila aibu. Ukiuliza ni nani mchezaji bora waliyewahi kumwona, wengi watakutajia mtu wa Musingu au Kakamega High aliyewatoa wao kwenye michuano ya mkoa. Huenda ni kwa sababu Busia imetolewa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Lakini pia ni desturi ya magharibi ya Kenya kwamba anayestahili husifiwa mbele ya watu wote, hata matangani, ambapo aliyekuwa mpinzani husimama na kusimulia alivyofungwa na marehemu. Sasa, Michigan na Ohio State ni mahasimu wa damu. Ila Novemba 1940, Tom Harmon wa Michigan alipoiangamiza Ohio State 40 kwa 0 katika mji wa Columbus, mashabiki wa nyumbani walisimama wakampigia makofi. Uhasama wa kweli unajua kumtambua anayestahili.

Uganda nayo inatoa mlinganisho wa karibu zaidi, na labda wenye mafunzo zaidi. Mfumo wao una miaka sita ya sekondari, minne ya kwanza na miwili ya juu, wakati Kenya iliacha Kidato cha Tano na cha Sita mfumo wa 8-4-4 ulipoingia. Miaka miwili zaidi ni mingi kwa mchezaji. Kijana wa Kenya huondoka mwili wake unapokomaa. Mwenzake wa Tororo bado yuko uwanjani, mzito na mjanja, na shabiki anamwona akifikia kiwango chake. Juu ya hayo kuna St. Mary's Kitende, karibu na Kampala, shule yenye uwanja wake ambao klabu ya Vipers huutumia na ambao timu ya taifa ya Uganda imechezea mechi za kimataifa. Kitende ndiyo shule ya kanda hii inayokaribia zaidi desturi ya Kimarekani: hutafuta vipaji mbali, huvilipia masomo, huvipandisha hadi klabu. Wengine huiona kama uharibifu wa michezo ya shule. Mimi naona kijana maskini anayesoma bila karo, na sioni cha kulaumu hapo.

Penye miaka tofauti na mpaka unaopitika kwa miguu, mamluki hawakosekani. Kila mwaka kuna rufaa: huyu amemaliza shule zamani, huyu amesajiliwa juzi tu, huyu vitambulisho vyake havioani. Kwa mashabiki wa zamani hili ni kidonda, kwa sababu kumbukumbu ya mchezaji wa shule inategemea imani kwamba alikuwa wa shule kweli, kwamba alikula ugali na maharagwe katika bwalo lile. Marekani wanapita katika kidonda hichohicho kwa njia ya sheria. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao, na kuhama chuo kumekuwa rahisi. Kijana anaweza kuvaa jezi za vyuo vitatu. Haki yake ya kulipwa siipingi hata kidogo. Viwanja vya watu laki moja vilijengwa kwa jasho la vijana wasiolipwa. Lakini wazee wanaouliza watamkumbuka kama wa chuo gani wanauliza jambo la maana.

Japani imelinda usafi wa mchezo wa shule kuliko wote, na imetoza gharama yake. Mashindano ya kitaifa ya besiboli ya shule za upili yalianza mwaka 1915, na tangu 1924 yanachezwa katika uwanja wa Koshien, karibu na Osaka. Ukishindwa mara moja, umekwenda. Wanaoshindwa hupiga magoti na kuchota udongo wa uwanja ndani ya mifuko ya viatu, wakaondoka nao wakilia. Taifa zima hutazama. Mwaka 1998 Daisuke Matsuzaka wa shule ya Yokohama alirusha mipira 250 katika mechi moja ya raundi 17, na siku mbili baadaye akacheza fainali bila mpinzani hata mmoja kupata pigo safi dhidi yake. Wajapani wa umri wangu wanakumbuka walikuwa wapi siku hiyo. Mkono wa kijana wa miaka 17 kufanyishwa kazi hiyo ni jambo ambalo wao wenyewe wanalijadili kwa uchungu.

Ila kisa cha Koshien kinachonigusa zaidi, mimi niliyezoea geti la forodha, ni cha mwaka 1958. Shule ya Shuri ilitoka Okinawa, kisiwa kilichokuwa bado chini ya utawala wa Marekani. Ikashindwa, vijana wakachota udongo kama wengine. Walipofika bandari ya Naha, kanuni za kuzuia magonjwa ya mimea hazikuruhusu udongo wa kigeni kuingia, na ukatupwa. Wahudumu wa ndege wa Japan Airlines waliposikia, wakawatumia kokoto kutoka Koshien, maana kokoto hazikukatazwa. Ziko shuleni Shuri hadi leo, kwenye mnara wa kumbukumbu. Okinawa ilirudishwa kwa Japani mwaka 1972. Mtu yeyote wa Malaba anaelewa kisa hicho bila kufafanuliwa: anajua ni bidhaa gani huzuiwa getini na ni nini hupita, na anajua kwamba afisa aliyetupa udongo ule alikuwa akifanya kazi yake.

Nikiziweka desturi hizi pamoja, naona kila moja imechagua kitu cha kushika. Marekani imeshika namba na hesabu. Japani imeshika udongo, na machozi yasiyofichwa. Mpakani tumeshika namna: jinsi mtu alivyokimbia, jinsi alivyoongea, alivyovua viatu. Kwa ukweli wa mchezo wenyewe, naamini njia yetu inapita zile mbili, kwa sababu takwimu haziwezi kukwambia kwamba mpira ulikuja kimo cha goti. Kwa uadilifu, hata hivyo, iko nyuma, na sitalificha hilo. Mdomo huwakumbuka waliokuwa na marafiki wengi wenye muda wa kuzungumza. Wanaume, kwa kifupi. Kwenye vibanda vile sijasikia hata siku moja jina la msichana. Wajapani walianza kuwapa wasichana uwanja wa Koshien kwa fainali yao mwaka 2021. Na timu ya kwanza kabisa ya Kenya kucheza Kombe la Dunia la kandanda, ya wanaume au ya wanawake, ilikuwa ya wasichana wasiozidi miaka 17, huko Jamhuri ya Dominika Oktoba 2024, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Waliifunga Mexico 2 kwa 1. Nani anayo orodha ya timu za shule walizotoka, pamoja na waliowapa pasi?

Muda nao unabadilika. Mfumo mpya umeleta sekondari ya juu ya miaka mitatu, na Gredi ya 10 ya kwanza iliingia Januari 2026. Mchezaji wa shule wa kesho ataonekana kwa muda mfupi kuliko wale wa zamani, sawa na wa Japani. Na waliocheza miaka ya 1970 wamefika au wanakaribia miaka sabini.

Basi nawaomba walimu wa michezo kuanzia Kolanya hadi Sigalame, na shule za wasichana hasa: wekeni daftari moja gumu ndani ya mfuko uleule wa jezi. Kila mwisho wa muhula wa pili andikeni jina kamili, jina la utani, namba, kidato au gredi, na sentensi mbili za jinsi alivyocheza. Nawe uliyesoma huko, usingoje mwalimu. Mtafute golikipa wa mwaka wako na beki wako wa kushoto, kaeni chini, muandike kikosi kizima pamoja na wa akiba, na nakala moja muipeleke maktaba ya shule kabla ya michezo ya muhula wa pili ujao.